Je, Wajua? Tumbo Linalouma na Vipimo Viko Safi

Kuna magonjwa ya utumbo ambayo daktari huyaona kwa macho yake: vidonda, damu, kuta zilizovimba. Yapo pia mengine ambayo kamera hupita utumboni mwanzo hadi mwisho isione kitu, na mgonjwa bado anajikunja kwa maumivu. Mgonjwa wa kundi la kwanza huaminiwa. Wa kundi la pili huambiwa ana mawazo mengi, au karogwa, au anadeka tu. Watafiti wameyafuatilia makundi yote mawili kwa zaidi ya miaka 160, na kazi hiyo imewafikisha kwenye mahakama ya mauaji, vijiji vya Uganda, mayai ya minyoo ya nguruwe na kambi za Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi.

Ugonjwa ulioandikwa katikati ya kesi ya mauaji

Mwezi Mei 1859, mjini Richmond karibu na London, alifariki mwanamke aitwaye Isabella Bankes baada ya wiki kadhaa za kutapika na kuharisha. Aliyekuwa akiishi naye kama mumewe, Dk. Thomas Smethurst, alikuwa na mke mwingine aliye hai, na siku chache kabla ya kifo Isabella alikuwa ametia saini wosia wa kumwachia mali. Kila mtu aliona jibu liko wazi. Mtaalamu mashuhuri wa sumu, Alfred Swaine Taylor, alisema amekuta aseniki. Baadaye alilazimika kukiri kwamba aseniki aliyoipata katika chupa moja ilitokana na waya wa shaba aliokuwa akiutumia yeye mwenyewe kupimia. Pamoja na hayo, jopo la wananchi waliokaa kuamua kesi lilimtia Smethurst hatiani, akahukumiwa kunyongwa.

Samuel Wilks, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, aliutazama utumbo wa marehemu na kuandika kile alichokiona: utumbo mpana umevimba na kujaa vidonda, bila sababu inayojulikana. Smethurst alisamehewa kosa la kuua kwa sababu ushahidi ulikuwa na mashaka mno, kisha akafungwa mwaka mmoja kwa kufunga ndoa ya pili kinyume cha sheria ya nchi yake. Maelezo ya Wilks yakabaki katika historia kama moja ya maandishi ya mwanzo kabisa kuhusu kolaitisi ya vidonda. Madaktari waliokuja kuyasoma upya katika karne ya 20 walisema huenda Isabella aliugua ugonjwa jirani, ule wa Crohn, kwa kuwa hata utumbo mwembamba ulikuwa umeathirika. Kwa vyovyote vile, mtu alikaribia kunyongwa kwa sababu ya ugonjwa ambao tiba ilikuwa bado haijaupa jina.

Magonjwa mawili, tabia mbili

Kolaitisi ya vidonda huanzia kwenye puru, sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo, na kupanda juu mfululizo bila kuruka mahali. Huchubua utando wa ndani tu. Ndiyo maana dalili yake kubwa ni kuharisha damu na kubanwa na haja kila mara. Crohn ni mkorofi zaidi. Unaweza kukaa popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, unaacha kipande kizima na kushika kinachofuata, na unachimba unene wote wa ukuta wa utumbo, pengine hadi kutoboa na kuleta fistula, yaani njia isiyo ya kawaida inayotoka utumboni hadi kiungo kingine au ngozi.

Jina la Crohn limetokana na alfabeti. Mwaka 1932 madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walichapisha habari za wagonjwa 14: Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer. Herufi C ikatangulia, na dunia ikashika jina la kwanza. Daktari bingwa wa upasuaji aliyewapasua wagonjwa hao, A. A. Berg, alikataa kuandikwa miongoni mwa waandishi. Angekubali, huenda leo tungekuwa tunazungumzia ugonjwa wa Berg. Wala hao hawakuwa wa kwanza kuuona. Mpolandi Antoni Leśniowski alikwisha kuandika mambo yanayofanana nao mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo huko Poland jina lake hutajwa kabla ya la Crohn. Mwaka 1913 Thomas Kennedy Dalziel wa Glasgow naye alieleza utumbo uliokakamaa wa wagonjwa wake, akaufananisha na samaki aitwaye mkunga aliyekufa na kukakamaa. Dalziel aliona jambo jingine ambalo lingemvutia mfugaji yeyote: utumbo huo ulifanana na wa ng'ombe waliougua ugonjwa wa Johne, ule unaowakondesha na kuwaharisha, unaoletwa na bakteria wa ukoo mmoja na kifua kikuu. Mjadala kama bakteria huyo anahusika na Crohn kwa binadamu haujafungwa, ingawa jaribio kubwa la Australia lililochapishwa mwaka 2007, ambapo wagonjwa walipewa antibiotiki kwa miaka miwili, halikuleta nafuu ya kudumu.

Walioishi na magonjwa haya wakiwa madarakani

Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipasuliwa Juni 1956 kwa sababu ya Crohn, na miezi mitano baadaye akashinda uchaguzi. Waziri Mkuu wa Japani, Shinzo Abe, aliyeishi na kolaitisi ya vidonda tangu ujana, alijiuzulu mara mbili huku ugonjwa huo ukiwa sababu, mwaka 2007 na mwaka 2020.

Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya viungo

Mwaka 1937 Nanna Svartz alikuwa profesa wa tiba katika Taasisi ya Karolinska, mwanamke wa kwanza kushika uprofesa katika chuo kikuu cha serikali nchini Sweden. Alikuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi. Wazo lake lilikuwa kuunganisha aina mbili za dawa, moja ya kuua bakteria na nyingine ya ukoo wa aspirini, ziwe molekuli moja. Dawa hiyo, sulfasalazini, ilipotumiwa kwa wagonjwa wa kolaitisi ikawaletea nafuu ambayo hawakuwahi kuipata.

Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna aliyejua ni nusu ipi inayofanya kazi. Jibu lilitolewa na daktari kutoka Bangladesh, A. K. Azad Khan, alipokuwa Oxford na mwalimu wake Sidney Truelove. Walizitenganisha nusu hizo na kuwaingizia wagonjwa kwa njia ya haja kubwa, wengine dawa nzima, wengine nusu hii, wengine nusu ile, bila mgonjwa wala mpimaji kujua nani kapata ipi. Matokeo yalitoka mwaka 1977: iliyoponya ni nusu ya ukoo wa aspirini. Ile ya kuua bakteria ilikuwa kama gari la kubebea mzigo, na ndiyo iliyosababisha madhara mengi ya dawa. Bakteria wa utumbo mpana ndio wanaolikata fundo linaloziunganisha, kwa hiyo mzigo hushushwa palepale unapotakiwa. Dawa wanazopewa wagonjwa wengi wa kolaitisi leo ni nusu ile iliyotambuliwa na Azad Khan. Napenda jina lake litajwe, maana hadithi ya dawa hii mara nyingi husimuliwa bila yeye.

Truelove huyohuyo, pamoja na Leslie Witts, alikuwa amechapisha mwaka 1955 jaribio la kotizoni kwa wagonjwa 210 wa kolaitisi, wakigawanywa kwa bahati nasibu. Wakati huo shambulio kali la ugonjwa lilikuwa likiua watu wengi, na kotizoni ikapunguza vifo. Vipimo vyao vya kuamua shambulio ni kali au la, kama vile idadi ya safari za chooni kwa siku, damu, homa na mapigo ya moyo, bado vinatumika wodini.

Sigara inakataa na kukubali

Mwaka 1982 madaktari wa Cardiff, Wales, waligundua kwamba wagonjwa wao wa kolaitisi ya vidonda walikuwa wavutaji wachache kuliko watu wengine. Tafiti nyingi zikathibitisha: anayeacha kuvuta huongeza hatari yake ya kupata kolaitisi. Kwa Crohn mambo ni kinyume kabisa, sigara huuleta na kuukoleza, na mgonjwa anayevuta hurudi kupasuliwa mara nyingi zaidi. Magonjwa mawili yanayofanana kiasi cha kuwachanganya madaktari, moshi uleule, matokeo tofauti. Hakuna daktari anayeandika sigara kama dawa, kwa sababu saratani ya mapafu na moyo kuharibika havilipiki. Nikotini ya kubandika ngozini ilijaribiwa, ikasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, basi.

Nyani mdogo wa Kolombia

Tamarini mwenye kishungi cheupe, nyani mdogo wa misitu ya Kolombia, hupata kolaitisi akifugwa katika nchi za baridi, na huugua kwa namna inayofanana sana na binadamu. Ni kwa wanyama hao wagonjwa kwamba katika miaka ya 1990 zilijaribiwa kingamwili za kuzuia chembe nyeupe za damu zisiingie kwenye ukuta wa utumbo. Wazo hilo limezaa dawa ya vedolizumabu, ambayo sasa hutibu watu.

Kundi jingine la dawa hizi za kingamwili lilianza na msichana mmoja mgonjwa wa Crohn huko Amsterdam. Dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa, madaktari wake wakampa kingamwili inayokamata TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, akapata nafuu. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1993. Miaka mitano baadaye infliksimabu iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya Crohn. Bei ya dawa za aina hii ni kikwazo ambacho mgonjwa wa kwetu anakijua kuliko mtafiti yeyote.

Minyoo kama dawa?

Joel Weinstock, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Iowa, alijiuliza kwa nini magonjwa haya yaliongezeka katika nchi tajiri wakati uleule minyoo ilipotoweka kwenye matumbo ya watu wake. Mnyoo akitaka kuishi tumboni hana budi kutuliza kinga ya mwenyeji wake. Akiondoka, je, kinga hiyo haianzi kupigana na mwili wenyewe? Akachukua mayai ya mnyoo mjeledi wa nguruwe, ambaye hawezi kukaa kwa binadamu muda mrefu, akawapa wagonjwa 29 wa Crohn mayai 2,500 kila mmoja, kila baada ya wiki tatu. Matokeo ya mwaka 2005 yalisisimua: wagonjwa wengi walisema wamepata nafuu.

Lakini jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganisha. Lilipokuja jaribio kubwa la wagonjwa 250 nchini Marekani, mwaka 2013, waliokunywa mayai hawakuwa na tofauti na waliokunywa kinywaji kitupu. Nalitaja hili kwa makusudi. Kwetu mtoto bado anapoteza damu na uzito kwa sababu ya minyoo, na dawa anazopewa shuleni zina kazi. Asitokee mtu akasoma nusu ya habari hii na kumnyima mwanawe dawa.

Daktari aliyepima uzito wa choo Uganda

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mwenye jicho moja, aliwasili Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira na baadaye hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya watoto inayoitwa limfoma ya Burkitt. Lakini alichokihubiri hadi mwisho wa maisha yake ni choo. Yeye na Hugh Trowell, daktari aliyetumikia Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, waliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu katika wodi za Afrika Mashariki.

Burkitt na wenzake wakapima. Mtu alimeza vipande 25 vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, kisha kila alipokwenda haja alikusanya choo chake katika mfuko wa plastiki. Mifuko ikapigwa picha, vipande vikahesabiwa, na uzito ukachukuliwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1972. Kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilipita tumboni kwa takriban saa 36 na choo cha siku kilikuwa na wastani wa gramu 470. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao zilikuwa saa 83 na gramu 104.

Burkitt alisema tofauti ni nyuzinyuzi za chakula: maharage, viazi, mboga, nafaka isiyokobolewa. Hakuwa na jibu lote, na baadhi ya madai yake hayakusimama. Pia hakuwa na ujuzi wa kinachotokea ndani. Sasa tunajua kwamba bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi na kutoa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazotandaza utumbo huo. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba bakteria mmoja mzalishaji wa butireti, *Faecalibacterium prausnitzii*, hupungua kwa wagonjwa wa Crohn, na wale waliokuwa naye kidogo zaidi wakati wa kupasuliwa ndio waliorudiwa na ugonjwa mapema.

Mwanakijiji aliyekubali kubeba choo chake mfukoni kwa ajili ya sayansi hakuandikwa jina popote. Kila pakiti ya unga inayouzwa leo kwa sifa ya nyuzinyuzi ina deni kwake.

Wahadzabe na bakteria wa msimu

Mwaka 2014 watafiti walilinganisha bakteria wa tumboni mwa Wahadzabe 27 wa Tanzania na wa Waitaliano 16 wa mji wa Bologna. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi, na baadhi hazikuonekana kabisa kwa Waitaliano. Jambo lililowashangaza ni kwamba watu wazima wa Kihadzabe hawakuwa na Bifidobakteria, wale wanaotangazwa katika maziwa ya mgando kuwa ndio afya yenyewe ya tumbo. Hata wanaume na wanawake wa kambi moja walitofautiana: wanawake huchimba na kula mizizi zaidi, wanaume hutembea mbali wakifuata nyama na asali.

Miaka mitatu baadaye timu ya Chuo Kikuu cha Stanford ilichapisha matokeo ya sampuli 350 zilizokusanywa misimu mbalimbali. Wakati wa masika, chakula kikiwa asali na matunda ya porini, aina fulani za bakteria zilipungua hadi kutoonekana. Kiangazi kiliporudi, na nyama kuongezeka, zikarudi. Bakteria waliokuwa wakienda na kurudi ni wale wa makundi ambayo katika nchi za viwanda yamepungua moja kwa moja.

Tusichukue hapa picha ya peponi. Mtoto wa Kihadzabe hufa kwa maambukizi ambayo mtoto wa Bologna hatayajua, na ardhi ya wazazi wake inazidi kubanwa. Kinachoonyeshwa na sampuli hizo ni namna chakula kinavyobadilisha wakazi wa utumbo ndani ya miezi tu.

Kuhama na kuugua

Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa kutoka Paris na jingine kutoka Marekani, yalitangaza jeni la kwanza linalohusishwa na Crohn, NOD2, kwenye kromosomu ya 16. Tangu hapo maeneo zaidi ya 200 ya jeni yametajwa. Lakini jeni hazielezi kila kitu. Visiwa vya Faroe ni miongoni mwa mahali penye visa vingi zaidi duniani. Watu wake wakihamia Denmark, ile ziada ya hatari hupotea ndani ya kizazi kimoja au viwili. Na katika jimbo la Ontario, Kanada, wahamiaji kutoka Asia Kusini huugua mara chache, ilhali watoto wao waliozaliwa hukohuko hukaribiana na wenyeji. Damu ni ileile. Kilichobadilika ni mahali.

Puto lililothibitisha maumivu

Sasa tuje kwa wale ambao vipimo vyao viko safi. Kinara wa kundi hili ni ugonjwa uitwao IBS: tumbo linasokota, choo kinageuka kuwa cha maji au kigumu, gesi inajaa, na kamera haioni kidonda. Mwaka 1973, James Ritchie wa Oxford aliingiza puto dogo katika utumbo mpana wa watu na kulijaza hewa. Lilipofika mililita 60, watu 6 tu kati ya 100 wa kundi la wazima walisikia maumivu. Miongoni mwa wagonjwa wa IBS walikuwa 55 kati ya 100. Puto lilikuwa lilelile, hewa ileile.

Utafiti wa Nottingham mwaka 2017 ulikwenda mbali zaidi kwa mashine ya MRI. Wagonjwa na wazima walipewa sukari zilezile, picha zikaonyesha kiasi kinachofanana cha maji na gesi matumboni mwao. Wagonjwa waliumia, wazima hawakuumia. Kwa hiyo mtu anayesema gesi inamuua hasemi uongo hata kama gesi yake si nyingi kuliko ya jirani: neva za utumbo wake zinasikia zaidi. Na neva hizo ni nyingi. Ukuta wa utumbo una mamia ya mamilioni ya chembe za neva, na takriban asilimia 95 ya serotonini yote ya mwili hutengenezwa tumboni.

Maji machafu ya Walkerton

Mei 2000, mvua kubwa ilisomba kinyesi cha ng'ombe hadi kwenye kisima cha mji mdogo wa Walkerton, Kanada, na dawa ya maji haikuwekwa ipasavyo. Watu wapatao 2,300 waliugua na 7 wakafa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster waliwafuatilia wakazi kwa miaka. Kati ya ambao hawakuharisha, 1 kati ya 10 alikuwa na dalili za IBS. Kati ya walioharisha kwa uthibitisho wa daktari, ni zaidi ya mmoja kati ya watatu. Kuharisha kulikwisha, bakteria wakaondoka, tumbo likabaki na kumbukumbu.

Jinsi kumbukumbu hiyo inavyofanya kazi ilielezwa mwaka 2021 na timu ya Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Panya aliyelishwa protini ya yai wakati ana maambukizi ya utumbo aliendelea kuumia kila alipokula protini hiyo, hata baada ya kupona. Kinga yake ilikuwa imekiweka chakula katika orodha ya maadui. Wakawadunga wagonjwa 12 wa IBS ngano, maziwa, soya na gluteni katika utando wa puru, kiasi kidogo sana, na kila mmoja wao akaonyesha mwitikio kwa angalau kimoja. Vipimo vya kawaida vya mzio vya ngozi na damu visingeona kitu, kwa kuwa jambo lenyewe liko utumboni tu. Katika nchi zetu, ambako kuhara kwa maji machafu ni jambo la kila masika, naona utafiti huu ungepaswa kusomwa kwa makini kuliko mahali pengine popote.

Kitunguu, maharage na ndizi mbivu

Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ndicho kilichotengeneza mlo wa kupunguza sukari ndogondogo ambazo utumbo mwembamba haunyonyi vizuri. Sukari hizo huvuta maji, kisha bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Orodha yao inagusa sufuria zetu moja kwa moja: kitunguu maji, kitunguu saumu, ngano, maharage, maembe, tikiti maji, asali, na maziwa kwa asiyeyamudu. Ndizi ikiiva sana huwa na sukari hizo nyingi kuliko ikiwa bado haijaiva vizuri. Watu hukosea wanapougeuza mlo huu kuwa wa maisha. Umekusudiwa kwa wiki chache, kisha chakula kinarudishwa kimoja kimoja ili mtu ajue ni kipi hasa kinachomsumbua, maana nyingi ya sukari hizo ndizo zinazolisha bakteria wazuri tuliowataja.

Kidonge kitupu, na mgonjwa anajua ni kitupu

Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake wa Boston waliwagawa wagonjwa 80 wa IBS. Kundi moja halikupewa kitu. Kundi jingine lilipewa chupa iliyoandikwa wazi kwamba ndani hamna dawa, wakaelezwa kwamba akili na mwili vinaweza kuitikia hata kidonge kitupu. Baada ya wiki tatu, asilimia 59 ya waliokunywa vidonge walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 35 ya wengine. Makundi yote mawili yalipata muda uleule na daktari. Kabla ya hapo, mwaka 1984, Peter Whorwell wa Manchester alikuwa ameonyesha kwamba tiba ya kumlaza mgonjwa kwa maneno ya kutuliza, hipnosisi, inawasaidia hata waliokwisha kukata tamaa. Haya hayana maana kwamba ugonjwa ni wa kujitungia. Ubongo na utumbo vimeunganishwa kwa neva, na njia hiyo hupitika pande zote mbili.

Protini inayosema kweli

Magne Fagerhol wa Norway aligundua kalprotektini mwaka 1980, protini ya chembe nyeupe za damu. Utumbo ukiwa na uvimbe wa kweli, chembe hizo humiminika ndani yake na protini huonekana kwenye choo, ikistahimili siku kadhaa bila kuoza. Kipimo kikiwa chini, uwezekano wa Crohn au kolaitisi ni mdogo sana na mgonjwa anaepushwa na kamera. Hata bila kipimo hicho, kuna dalili ambazo hazimo katika IBS na hazitakiwi kusubiri: damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa, upungufu wa damu, na kuharisha kunakomwamsha mtu usingizini.

TB au Crohn?

Kwetu kuna ugumu ambao vitabu vya Ulaya huupitia kwa sentensi mbili. Kifua kikuu cha utumbo hupenda mahali palepale panapopendwa na Crohn, pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana. Dalili ni zilezile: maumivu upande wa kulia, homa, kukonda. Amiba nayo huchimba vidonda kama vya kolaitisi, na kichocho cha tumbo huleta damu kwenye choo. Dawa nyingi za Crohn na kolaitisi hushusha kinga, kwa hiyo mgonjwa wa TB akipewa kotizoni kwa kudhaniwa ana Crohn anaweza kuzidiwa hadi kufa. Mgonjwa wa amiba vivyo hivyo. Ndiyo maana choo hupimwa kwanza na vinyama vidogo hukatwa utumboni kutafutwa vimelea. Pale maabara inaposhindwa kuamua, madaktari wengi katika nchi zenye TB nyingi huanza na dawa za TB, kisha baada ya miezi miwili au mitatu huingiza tena kamera. Vidonda vikiwa vimefunga, dozi inaendelea hadi mwisho. Vikiwa vilevile, ndipo Crohn unapoanza kutibiwa.